Kama Hakuna Maelezo, Usiniambie Mradi Wako Uko Wazi

Umewahi kuelekezwa mahali na mtu wa Nairobi? "Shuka kwa ile steji ya zamani, vuka barabara, ukifika penye kulikuwa na duka la viatu ingia kushoto, halafu ulizia." Steji ilihamishwa. Duka la viatu lilibomolewa wakipanua barabara. Na hujaambiwa utaulizia nani. Mwenye kukuelekeza haoni shida yoyote, kwa sababu ramani yote iko kichwani mwake. Wewe ndiwe unazunguka na jua la saa saba.

Wasee, hivyo ndivyo miradi mingi ya programu huria inatuelekeza.

Kwa wale hawako kwa haya mambo: programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani yale maandishi yenye kompyuta inafuata, umewekwa hadharani. Leseni yake inakuruhusu uitumie, uisome, uibadilishe na umpatie mwingine. Linux ni hivyo. Firefox, WordPress, na ile VLC unaangalia filamu nayo pia ni hivyo. Umezitumia hata kama hukujua.

Msimamo wangu leo ni mmoja tu: mradi usio na maelezo yaliyopangwa vizuri hauko wazi. Leseni inaweza kusema uko wazi. Lakini mtu wa kawaida akifika hapo na hajui aanzie wapi, kwake huo ni mlango umefungwa. Na wa kwanza kufungiwa nje ni watu kama mimi na wewe.

Nani anabaki nje

Fikiria msee ameajiriwa kwa kampuni kubwa huko San Francisco. Akikwama, anageuza kiti anauliza jirani. Mwanafunzi wa chuo akikwama ana mhadhiri, ana wenzake, ana maktaba. Sasa wewe uko Umoja, ama Kondele, ama Kisauni. Laptopu ni ya kuazima na bando ni ya saa moja. Ukikwama unauliza nani?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo na maisha, hiyo ni stori ya siku nyingine. Ninachojua kuhusu kompyuta, kingi nimekipata kwa kurasa za maelezo ambazo mtu nisiyemjua, nchi sijawahi kufika, alikaa chini akaziandika vizuri. Hizo ndizo zilikuwa mhadhiri wangu. Kwa hivyo mtu akisema maelezo ni kitu cha kuongezea baadaye kama muda utapatikana, mimi nasikia anasema nyinyi wengine mtaongezewa baadaye kama muda utapatikana.

Mwaka jana nilikuwa nataka kutumia programu moja huria ya kupokea malipo ya simu, niiweke kwa tovuti ya rafiki yangu anayeuza mitumba. Jina lake nitaliacha. Msimbo ulikuwa safi kabisa. Ukurasa wa maelezo ulikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema: "Kisha weka mipangilio yako kama kawaida." Kawaida ya nani? Nilisoma msimbo wenyewe siku tatu, faili baada ya faili, mpaka nikagundua kuna vitu vitano vya kujaza, na kimoja kikikosekana programu inanyamaza tu, haitoi hata ujumbe wa kosa.

Vitu vitano. Hiyo ni aya moja, dakika kumi za mwenye mradi. Sasa piga hesabu: watu mia wakipita hapo na kila mmoja apoteze siku tatu, hizo ni siku 300. Karibu mwaka mzima umechomeka kwa sababu ya dakika kumi. Na ukweli ni kwamba wengi hawakai siku tatu. Wanaondoka wakifikiria wao ndio wajinga.

Wala si mimi peke yangu nalia. Mwaka 2017 GitHub ilifanya utafiti wa watu 5,500 hivi wa programu huria. Asilimia 93 walisema wamekutana na tatizo la maelezo yasiyokamilika au yaliyopitwa na wakati. Halafu kwa utafiti huo huo, asilimia 60 ya wanaochangia miradi walisema ni nadra sana wao kuchangia maelezo, au hawajawahi kabisa. Yaani kila mtu analalamika bomba limepasuka, na hakuna anayetaka kushika spana.

Dharau ndiyo shida

Mbona? Kwa maoni yangu ni dharau tu. Kwa vikundi vya wasee wa teknolojia, anayeandika msimbo ni fundi. Anayeandika maelezo anaonekana kama ameachiwa kuosha sufuria baada ya pilau. "Aah, yeye hufanya tu maelezo." Hilo neno "tu" ndilo linaua miradi.

Na wakubwa wa hii kazi hawakuwa na hiyo dharau. Unix, mfumo ambao Linux imeiga, ilipata kitabu chake cha kwanza cha mwongozo tarehe 3 Novemba 1971. Waliokiandika ni Ken Thompson na Dennis Ritchie, wale wale waliotengeneza mfumo wenyewe. Hawakutafuta mtu wa pembeni. Mpaka leo ukifungua Linux na uandike amri ya "man", unapata kurasa za ukoo huo huo, na mpangilio wake bado unafanana.

Ama angalia Django, ile ya kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti, Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Ilitoka mikononi mwa watu wa gazeti, na inaonekana. Kwao kipengele kipya hakiingii kama hakijaandikiwa maelezo. Novemba 2023 watu wa Django walifanya kongamano lao la kwanza la Afrika, na lilikuwa hapa kwetu Pwani ya Afrika Mashariki, Zanzibar. Programu iliyoanza kwa gazeti la mji mdogo wa Kansas kufika Zanzibar sidhani ni bahati. Watu waliweza kujifunza wenyewe, mbali, bila kuuliza mtu ruhusa.

Kupanga ni kazi yenyewe

Hapa ndipo hata wenye nia nzuri huteleza. Wanaandika mengi, halafu wanayamwaga yote kwa ukurasa mmoja kama nguo za Gikomba alfajiri. Maelezo mengi bila mpangilio yanachosha kuliko machache.

Daniele Procida, msee amekuwa kwa jamii ya Django miaka mingi, ana njia ya kupanga inayoitwa Diátaxis. Inasema maelezo ni ya aina nne, na kila aina ikae mahali pake. Wacha niwaeleze na chapati.

Ya kwanza ni somo. Huyu ni mtoto hajawahi kupika chapati. Unamshika mkono: weka unga hapa, maji haya, kanda hivi. Lengo ni amalize na chapati moja, hata kama imetoka na umbo la ramani ya Kenya. Usianze kumwambia aina saba za unga. Anataka kufaulu mara moja ili apate moyo.

Ya pili ni mwongozo wa kazi. Huyu anajua kupika, lakini leo kuna harambee na anahitaji chapati za watu hamsini. Hataki kufundishwa kukanda. Anataka hatua za hiyo kazi moja, basi.

Ya tatu ni marejeo. Hii ni ile karatasi ya pakiti ya unga: uzito, viungo, tarehe ya mwisho. Haina stori wala ushauri. Ni ukweli uliopangwa ili uupate haraka, uondoke.

Ya nne ni ufafanuzi. Mbona unga unaachwa upumzike kabla ya kusukuma? Mbona maji ya uvuguvugu? Hii unasoma ukiwa umekaa, na ndiyo inakufanya uelewe badala ya kukariri.

Ukiangalia vizuri, hayo ni maswali manne ya binadamu yeyote: nifundishe, nifanyeje, ni nini hasa, na kwa nini. Ukurasa mmoja ukijaribu kujibu yote manne kwa wakati mmoja, haumsaidii yeyote. Mwanafunzi anazama kwa historia, na fundi anatafuta amri moja katikati ya hadithi.

Kama una mradi wako, fanya hili zoezi wikendi hii. Chukua kila ukurasa ulio nao ujiulize unajibu swali gani kati ya manne. Ukikuta unajibu mawili, ugawe. Ukikuta haujibu lolote, ufute. Halafu utaona pengo lako liko wapi. Mara nyingi ni kwa somo, kwa sababu mwenye mradi ameshasahau kukaa gizani kukoje.

Si mchezo wa watu wa kompyuta

Kuna mtu anasoma akisema haya ni mambo ya wasee wa laptopu, hayanihusu. Ngoja.

OpenMRS ni programu huria ya rekodi za wagonjwa. Ilianza 2004, na mizizi yake iko Eldoret, kwa mpango wa AMPATH uliokuwa ukitibu wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi. KenyaEMR, mfumo unaotumika kwenye vituo vingi vya afya vya serikali hapa nchini, umejengwa juu yake. Kwa hivyo faili ya mtu unayempenda inaweza kuwa inakaa ndani ya programu ambayo msimbo wake wewe unaweza kuusoma sasa hivi.

Sasa fikiria karani ameripoti kituo cha afya Jumatatu. Aliyekuwa hapo kabla yake alihamishwa Ijumaa. Foleni imefika nje. Mfumo unamuuliza kitu hakijui. Huyu hataenda GitHub kufungua tiketi kwa Kiingereza kizuri. Atatoa daftari, ataandika kwa kalamu, na mfumo utakaa hapo ukikusanya vumbi. Mgonjwa akirudi mwezi ujao, historia yake iko kwa daftari ambalo halionekani. Ukurasa mmoja wa "nifanyeje" ungezuia hiyo yote.

Na watu wa OpenMRS waliliona hilo. Oktoba 2011 kikundi chao kilikaa kwenye kambi ya uandishi iliyoandaliwa na Google huko California, pamoja na miradi mingine mitatu, na kila mradi ukatoka na kitabu chake ndani ya siku chache. Walikusanyika kuandika maelezo, kazi ile ile watu hutupa kapuni mpaka "baadaye".

Najua mtasema nini

Kuna watasema msimbo mzuri hujieleza. Hujieleza kwa nani? Msimbo unaweza kuonyesha programu inafanya nini. Hauwezi kukwambia ni kwa nini ilichaguliwa njia hii na si ile, wala iwapo hii ndiyo programu ulikuwa unatafuta.

Kuna watasema tengeneza video. Mimi kazi yangu ni video, na nakwambia kwa mdomo wangu: video si maelezo. Inaweza kumvutia mtu aje, sawa. Lakini huwezi kutafuta neno moja ndani ya dakika ishirini. Huwezi kunakili amri kutoka kwa picha. Toleo jipya likitoka, aya unarekebisha kwa dakika mbili, video unairekodi upya. Na video hiyo inaweza kula mamia ya MB, wakati ukurasa wa maandishi unafunguka hata na ile bando ya shilingi ishirini.

Kuna watasema ChatGPT itaandika. Itumie, sina neno. Inaweza kukupangia sentensi na kukurekebishia lugha. Lakini haikuwa kwa mkutano ambao mliamua kuacha njia ya kwanza. Haijui ni hatua gani inawakwamisha watu wa kwenu. Na ikikosa jibu inaweza kukutungia moja kwa ujasiri mkubwa, halafu mgeni wako anafuata njia ambayo haipo. Lazima mtu aliyejaribu hatua hizo kwa mikono yake asome kila mstari.

Kuchangia si kuosha jina

Pia tusijidanganye upande wetu. Oktoba 2020, wakati wa Hacktoberfest, shindano ambalo wakati huo ukichangia miradi ulikuwa unapata fulana, watunzaji wa miradi walifurikiwa na takataka. Watu walikuwa wanaongeza maneno mawili ya sifa kwa ukurasa wa maelezo, wanatuma, wanangoja fulana. Ilibidi DigitalOcean, waandaaji, wabadilishe sheria mwezi haujaisha ili ihesabiwe miradi iliyokubali kushiriki tu. Mwanzoni mwa 2024 Express.js nao walijaziwa maombi ya watu wakiongeza majina yao kwa faili ya README, kwa sababu video ya mafunzo ilionyesha mfano huo na watu wakaufuata jinsi ulivyo.

Hiyo si kuchangia maelezo. Hiyo ni kuandika jina lako kwa ukuta wa mtu. Kila ombi kama hilo, kuna binadamu wa kujitolea analisoma usiku baada ya kazi. Na wenzangu wa video, hapo tuna jukumu: usiwaonyeshe watu elfu moja jinsi ya kubisha mlango bila kuwaambia wakifunguliwa waseme nini.

Basi uanzie wapi? Chagua programu unayoitumia kweli, usichague maarufu. Iweke upya kwa kompyuta kana kwamba hujawahi kuiona, ukifuata maelezo yao neno kwa neno. Kila mahali umekwama, andika: nilikuwa hatua gani, niliona nini, nilitarajia nini, nini kilinisaidia. Hiyo orodha ni dhahabu. Aliyetengeneza programu hawezi kuiandika hata akitaka, kwa sababu yeye hakwami tena. Ugeni wako ndio utaalamu wako.

Soma faili ya CONTRIBUTING kama ipo, uliza kwanza kama wanahitaji, halafu tuma badiliko moja dogo lenye maana. Ukirekebisha, jaribu hatua zote tena kabla ya kutuma.

Na usiogope Kiingereza chako. Utafiti ule wa 2017 ulikuta karibu robo ya watu wa programu huria hawajioni wakisoma na kuandika Kiingereza vizuri sana. Sentensi ikikusumbua wewe, inasumbua robo ya wasomaji. Kuifanya iwe fupi na nyepesi ni mchango kamili.

Kwa wenye miradi, hasa nyinyi wa hapa kwetu ambao mnajenga vitu vikali halafu mnaviacha na mistari minne: README ijibu mambo matano. Hii ni nini, ni ya nani, naanzaje, nikikwama naulizia wapi, na leseni ni gani. Maelezo yakae pamoja na msimbo, na badiliko la msimbo lisipite bila badiliko la maelezo. Halafu mpe binamu yako ambaye hajui chochote afuate, wewe ukae nyuma yake kimya. Ukijipata unataka kusema "hapo bonyeza…", hapo ndipo maelezo yamekosekana. Kaandike.

Na muwalipe heshima wanaoandika, na pesa pia zikipatikana. Google ilianzisha Season of Docs mwaka 2019 mahsusi kwa ajili ya kazi ya maelezo, na Outreachy hulipa wanagenzi wao, wakiwemo wanaofanya kazi za maelezo. Sisemi mtaomoka kesho. Nasema hii ni kazi, ina bei, na haikuulizi cheti cha chuo. Inakuuliza kama mtu akifuata maneno yako atafika.

Kwa hivyo wiki hii nataka kitu kimoja kwenu. Weka hapo chini jina la programu huria unayoitumia na hatua moja iliyokukwamisha. Usiandike "ilikataa". Andika hatua gani na uliona nini. Nitazikusanya, tuzigawane, kila mtu aandike aya moja na kuituma kwa wenye mradi. Aya moja tu, yenye msee wa Kondele anaweza kufuata akiwa peke yake saa nne usiku, na afike.